Jeraha dogo lililokata kano: namna ya kujua kina cha jeraha kabla ya kulifunga

Swali: Nimo kwenye kikosi cha huduma ya kwanza katika karakana ya vyuma. Mwenzetu alikatwa na ukingo wa bati upande wa ndani wa kidole cha shahada. Damu ilitoka kidogo, tukaosha, tukafunga, akaendelea na kazi. Baada ya siku mbili akaona ncha ya kidole haikunji, na hospitali wakamwambia kano, yaani kamba inayounganisha msuli na mfupa, imekatika. Mwingine alijigonga kichwa, damu ikammwagikia hadi mabegani, tukaingiwa na hofu kubwa, kumbe ni mpasuko wa sentimita 2. Tutajuaje jeraha lipi ni zito, na tufanye nini kabla ya kumfikisha kwa daktari?

Jibu: Katika visa vyote viwili mlipima jeraha kwa wingi wa damu na upana wa mdomo wake, na vipimo hivyo viwili vinadanganya. Uzito wa jeraha unategemea limefika tabaka gani na kitu gani kimelala chini ya sehemu hiyo ya mwili. Nianze na matabaka yenyewe, kwa sababu ukiyajua utalisoma jeraha kwa macho kabla hujashika bandeji.

Tabaka la juu, epidemisi, ni jembamba sana. Sehemu nyingi za mwili lina takriban milimita 0.1, kwenye kope ni nusu ya hapo, na kwenye kiganja na wayo hufika milimita 1 au kuzidi. Halina mshipa wa damu hata mmoja. Kwa hiyo mchubuko unaotoa majimaji bila damu haujavuka tabaka hili, na kwa kawaida hupona bila kovu. Ukiona vitone vidogo vingi vya damu vikijitokeza kwa pamoja, jeraha limegusa sehemu ya juu ya tabaka la pili.

Tabaka hilo la pili, demisi, ndilo lenye nguvu ya ngozi. Humo mna nyuzi za kolajeni, mishipa midogo ya damu, ncha za neva (mishipa ya fahamu), tezi za jasho na mashina ya vinyweleo. Vinyweleo vina kazi isiyotajwa sana katika mafunzo ya huduma ya kwanza: chembe za epidemisi zimeshuka kando ya kila shina hadi ndani ya demisi. Mchubuko ukiyabakiza mashina hayo, ngozi mpya huota kutoka katika kila moja na pia kutoka kingoni. Ndiyo maana mchubuko mpana wa goti hufunika ndani ya wiki moja hadi mbili, ilhali kidonda kidogo kilichong'oa demisi yote hujifunika kutoka kingoni peke yake na kinaweza kuchukua wiki nyingi.

Chini ya demisi kuna mafuta, vipande vidogo vya manjano vinavyong'aa. Ukiyaona, suala la kushona limeshajibiwa nusu: ngozi imekatika unene wake wote, na kingo zinavutwa huku na huku. Mafuta pia hayapati damu nyingi, hivyo uchafu ukibaki humo, kinga ya mwili huufikia kwa taabu. Ukipita mafuta unakuta utando mgumu mweupe unaofunika misuli, kisha misuli yenyewe, nyekundu iliyoiva. Kitu cheupe, kinachong'aa na kuteleza mgonjwa anapojaribu kusogeza kidole ni kano. Ute mzito unaoteleza kutoka kwenye jeraha lililo karibu na kiungo ni wa ndani ya kiungo; jeraha hilo ni la chumba cha upasuaji hata kama ni tundu la milimita 5.

Sasa kidole cha mwenzenu. Upande wa ndani wa kidole, kutoka ngozi hadi kwenye kano ni milimita chache tu, na hakuna misuli ya kuikinga. Kila kidole, ukiacha gumba, kina kano mbili za kukunjia. Moja huishia kwenye pingili ya kati na kukunja kiungo cha kati. Nyingine huendelea hadi pingili ya mwisho, na ndiyo pekee inayokunja ncha. Bati likikata kwenye pingili ya kati, linaweza kuikata hiyo ya pili na kuiacha ya kwanza ikiwa nzima. Ukimwambia afumbe ngumi atafumba, na kidole kitaonekana kinafanya kazi, kwa kuwa viungo vyake vingine viwili bado vinakunja. Hapo ndipo wengi hudanganyika.

Kipimo sahihi ni hiki. Ishike pingili ya kati ibaki imenyooka, kisha mwambie akunje ncha peke yake. Baada ya hapo vizuie vidole vingine vitatu vikiwa vimenyooka kabisa, mwambie akikunje kile kilichobaki. Sasa unaipima kano ya kiungo cha kati. Mwambie pia akinyooshe kidole huku wewe ukikikandamiza kidogo kwa juu, ili kupima kano ya mgongo wa kidole. Ukinzani uwe mwepesi. Kano iliyokatika nusu bado inakunja kidole, ila ukiizuia kidogo tu inauma au inakosa nguvu, na hiyo ndiyo inayoweza kukatika yote siku chache baadaye mtu anaponyanyua kitu. Mkao nao ni muhimu: mtu aliyekatwa akiwa amekunja mkono, akiunyoosha, sehemu ya kano iliyojeruhiwa inateleza na kujificha chini ya ngozi nzima. Tazama ndani ya jeraha kidole kikiwa kimenyooka, kisha kikiwa kimekunjwa kama kilivyokuwa wakati wa ajali.

Neva inapimwa kabla ya ganzi, kwa hiyo ninyi mlio wa kwanza kumfikia mna nafasi ambayo daktari anaweza kuikosa. Pembeni mwa kidole, kila upande, hupita neva moja na ateri moja (mshipa unaoleta damu kutoka moyoni), na neva imelala mbele ya ateri, karibu zaidi na ngozi ya upande wa kiganja. Kitu chenye makali kinachoingilia kiganjani hukutana na neva kwanza. Damu ikiruka kwa mapigo kutoka kwenye kidole, ihesabu neva ya upande huo kuwa imeguswa mpaka kipimo kioneshe iko salama. Mwambie afumbe macho, gusa kwa pamba upande mmoja wa ncha ya kidole, kisha upande wa pili, halafu kidole kama hicho cha mkono mwingine. Usiulize "unahisi?", maana karibu kila mtu atajibu ndiyo. Uliza kama pande zote zinafanana. Malizia kwa kubonyeza ukucha hadi uwe mweupe, kisha achia: wekundu urudi ndani ya sekunde 2.

Kipimo chochote kati ya hivi kikishindwa, mpeleke siku hiyohiyo. Ncha ya nyuma ya kano iliyokatika huvutwa na msuli wake, wakati mwingine hadi kiganjani. Ndani ya siku chache za mwanzo inavutika na kushonwa. Wiki zikipita, msuli umejikunyata na njia ya kano imejaa kovu.

Kichwani hali ni kinyume. Chini ya ngozi ya kichwa kuna tabaka zito la nyuzi, na mishipa ya damu imeshikamana nalo. Mahali pengine mshipa uliokatika hujikunja na kurudi ndani, ukajiziba kwa sehemu. Hapa umeshikiliwa mdomo wazi, kwa hiyo hata mpasuko wa sentimita 2 unaweza kulowesha shati zima. Lakini fuvu lililo chini yake ni kitu kizuri cha kubonyezea. Kwanza pitisha vidole vyenye glavu taratibu juu ya mfupa. Ukihisi umebonyea au una ngazi, usibonyeze hapo, bonyeza kandokando. Kama uko sawa, kandamiza kwa dakika 10 hadi 15. Kwa mtoto mdogo na mzee, damu ya kichwani pekee inaweza kufikia kiasi cha hatari. Kwa mtu mzima, kinachotisha zaidi ni kile kilicho ndani ya fuvu: kupoteza fahamu hata kwa muda mfupi, kutapika, usingizi usio wa kawaida, kuchanganyikiwa, majimaji mepesi puani au sikioni. Dalili moja kati ya hizo inatosha kumpeleka hospitali hata kama jeraha limekauka.

Kuhusu kuzuia damu, wengi hukosea kwenye saa. Weka kitambaa safi juu ya jeraha, bonyeza kwa kiganja, tazama saa, usifunue kabla ya dakika 10. Chembe sahani za damu huziba mdomo wa mshipa mapema, lakini utando wa nyuzi unaoufanya ule mgando ushike unahitaji dakika kadhaa bila kusumbuliwa, na kila unapochungulia unaubandua. Damu ikilowesha kitambaa cha kwanza, ongeza cha pili juu yake. Ikiendelea kupenya, hukubonyeza mahali penyewe: ondoa vyote, tafuta inakotoka, kandamiza hapohapo.

Jeraha lenye kina kirefu la kinena, kwapa au bega halibonyezeki kwa juu. Hapo shindilia shashi ndani ya jeraha kwa kidole, hadi kwenye sakafu yake, ijae kabisa, kisha bonyeza juu yake. Usiingize kibano kwa kubahatisha ukitafuta mshipa, kwa sababu neva kwa kawaida hupita jirani na ateri.

Damu ya mkono au mguu isiyozuilika inataka tonikiti, yaani mkanda wa kukaza kiungo ili damu isipite. Ifunge sentimita 5 hadi 7 kutoka kwenye jeraha, upande wa kuelekea moyoni, isikae kwenye goti lenyewe wala kiwiko chenyewe, iwe na upana usiopungua sentimita 4, ikazwe mpaka damu ikome kabisa. Tonikiti iliyolegea ni mbaya kuliko kukosa tonikiti: inaziba vena zinazorudisha damu na kuziacha ateri zikiendelea kuleta, hivyo jeraha linamwaga zaidi. Itauma sana, na maumivu hayo si sababu ya kuilegeza. Andika saa uliyoifunga mahali panapoonekana. Kwa muda wa hadi saa mbili kiungo huvumilia kwa kawaida. Kuifungua ni kazi ya hospitali.

Kitu kilichochoma na kubaki ndani, nondo au kipande cha chuma, kiache kilivyo. Huenda ndicho kinachoziba mshipa. Kizungushie vitambaa vilivyokunjwa ili kisitikisike, ukate sehemu ya nje ikiwa tu bila hivyo mgonjwa hawezi kusafirishwa.

Damu ikishatulia, fikiria kuosha. Jeraha ambalo damu yake ilizuilika kwa shida kubwa lifunge hivyohivyo, litaoshwa hospitali. Kwa mengine, maji safi ya kunywa yanafaa sawa na maji ya chumvi ya hospitali. Kinachotofautisha matokeo ni wingi na msukumo. Kadiria mililita 50 hadi 100 kwa kila sentimita ya urefu. Jeraha la sentimita 4 linahitaji mililita 200 hadi 400, na likiwa na udongo au unga wa chuma, lita nzima. Kumwagia kikombe hakung'oi bakteria walioshika kwenye nyama. Tumia bomba la sindano la mililita 20 au 50, au chupa safi ya plastiki yenye tundu dogo kwenye kifuniko, uikamue kwa nguvu kutoka sentimita chache. Usifanye hivyo kwenye tundu jembamba la msumari: maji hayana pa kutokea, yatasukuma uchafu ndani zaidi. Osha juu tu na umpeleke.

Spiriti, haidrojeni peroksaidi na iodini kali visimwagwe ndani ya jeraha. Vinaua chembe zilezile zinazojenga nyama mpya. Kwenye ngozi nzima inayozunguka jeraha, sawa.

Mchanga ulioingia kwenye mchubuko utolewe siku hiyohiyo, hata kama ni kwa kusugua kwa shashi yenye maji na sabuni. Ngozi ikishafunika juu yake, chembe hizo hubaki ndani ya demisi kama chale, na kuziondoa baadaye ni kazi ngumu. Nywele zikiwa kwenye njia, zipunguze kwa mkasi. Wembe huacha vidonda vidogo vinavyoingiza bakteria. Nyusi usiziguse kabisa, maana ndizo zinazomwonesha mshonaji mahali kingo zinapotakiwa kukutana.

Nawaomba sana myape uzito majeraha yenye mdomo mdogo au yasiyo na mdomo kabisa, kwa kuwa katika karakana ndiyo yanayopotezea watu viungo.

La kwanza ni la mashine ya kupulizia rangi au grisi kwa shinikizo kubwa. Mtu anaziba tundu kwa kidole, au anapapasa bomba kutafuta linapovuja. Anabaki na alama ndogo kama ya pini, haiumi sana, anarudi kazini. Ndani, rangi au mafuta yameshasafiri kufuata njia ya kano, pengine hadi kiganjani, na kemikali imeanza kuua nyama. Baada ya saa chache kidole kinavimba, kinakuwa kigumu na kinauma vibaya. Huyu apelekwe mara moja kwenye hospitali yenye daktari wa upasuaji, na aende na jina la kilichoingia, kwa kuwa vimumunyisho vya rangi huharibu nyama kuliko grisi. Usisubiri uvimbe uanze.

La pili ni kiungo kilichobanwa au kugongwa sana, ngozi ikiwa nzima. Misuli ya mguu wa chini na ya kigasha imefungwa ndani ya ule utando mgumu mweupe, ambao hautanuki. Damu ikivilia humo, shinikizo hupanda hadi damu safi ishindwe kuingia kwenye misuli. Dalili ya mapema ni maumivu yanayozidi kabisa kile unachokiona, yasiyosikia dawa, yanayopanda unapomnyooshea vidole vya mguu au vya mkono taratibu. Ganzi na ubaridi huja baadaye. Mapigo ya ateri yanaweza kuwepo hadi mwisho, kwa hiyo yasikutulize. Legeza kila kilichokaza, kiweke kiungo usawa wa moyo, si juu zaidi, na mwahishe: baada ya takriban saa 6 madhara kwenye misuli na neva huanza kuwa ya kudumu. Aliyekandamizwa na mzigo mzito kwa zaidi ya saa moja ana hatari nyingine pia. Misuli iliyokufa humwaga potasiamu kwenye damu pale mzigo unapoondolewa, na moyo unaweza kusimama. Waokoaji wajue muda aliobanwa, na ikiwezekana awekewe dripu kabla ya kutolewa.

La tatu ni jeraha la milimita chache juu ya kifundo cha ngumi, baada ya ugomvi. Jino limepenya kano na kuingia kwenye kiungo wakati mkono umekunjwa; mkono ukifunguliwa, kano inateleza na kulifunika tundu pamoja na mate yaliyoingia. Halishonwi, linafunguliwa na kuoshwa hospitali. Kung'atwa na mnyama pia kuoshwe kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, na mgonjwa aende kutathminiwa kwa chanjo ya kichaa cha mbwa.

Pete, saa na bangili zitolewe mapema kwenye mkono wowote ulioumia. Saa moja baadaye huenda zikakatwa. Na kidole kikikatika kabisa, kisuuze kwa maji safi bila kukisugua, kifunge kwa shashi yenye unyevu, kiweke kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, kisha mfuko huo uweke ndani ya chombo chenye maji na barafu. Barafu isikiguse moja kwa moja, itaunguza nyama yake. Kidole hakina misuli, hivyo kikipozwa vizuri kinaweza kuunganishwa hata baada ya saa nyingi. Mkono au mguu wenye misuli una takriban saa 6.

Apelekwe kushonwa yeyote ambaye mafuta yanaonekana, ambaye kingo zinaachana mtu anaposogeza kiungo, au aliyekatwa usoni. Mapema ni bora. Usoni, ambako damu ni nyingi, mshonaji anaweza kukubali hadi saa 24. Mahali pengine lenga saa chache za mwanzo. Jeraha chafu lililochelewa huachwa wazi kwa makusudi, likafungwa shashi yenye unyevu, na kushonwa siku ya 4 au ya 5 likiwa safi. Daktari akiamua hivyo hajampuuza mtu wenu. Kuziba uchafu ndani ndiko kunakoleta usaha.

Pepopunda isiachwe. Kwa jeraha safi dogo, aliyemaliza dozi 3 za mwanzo anahitaji ya kuongeza nguvu kama imepita miaka 10. Kwa jeraha chafu, la tundu au lililosagika, miaka 5. Asiyejua historia yake, au ambaye hakufika dozi 3, anahitaji chanjo, na jeraha likiwa chafu anahitaji pia kingamwili ya kuchomwa. Wekeni orodha ya chanjo za wafanyakazi wote karibu na sanduku la huduma ya kwanza, ili asiwepo wa kukumbuka kwa kubahatisha siku ya ajali.

Baada ya kufungwa, wekundu mwembamba pembeni na uvimbe kidogo siku 2 za mwanzo ni kawaida. Zungushia mpaka wa wekundu kwa kalamu. Ukiuvuka mstari, maumivu yakiongezeka badala ya kupungua, usaha ukitoka, homa ikiingia au mstari mwekundu ukipanda kuelekea kwapani au kinenani, arudi hospitali. Maumivu makali mno kuliko jeraha linavyoonekana, ngozi ikigeuka zambarau au kutoa malengelenge, ni dharura ya saa ileile.

Nyuzi za usoni hutolewa siku ya 3 hadi 5, za kichwani na kiwiliwili siku ya 7 hadi 10, za mikono na miguu siku ya 10 hadi 14, na za juu ya viungo vinavyokunja hukaribia 14. Siku zinapotolewa, kovu bado ni dhaifu sana: kwenye wiki ya 3 lina takriban asilimia 20 ya nguvu ya ngozi ya awali, na hata baada ya miezi mingi halipiti asilimia 80. Mwenzenu akirudi kazini, apewe kazi nyepesi kwa mkono huo na ukanda wa kubandika ukivuka kovu kwa wiki moja zaidi. Yule wa kano afuate ratiba ya mazoezi aliyopewa, maana kano iliyoshonwa huwa dhaifu kupita kiasi katika wiki za mwanzo, na kunyanyua mara moja tu kunaweza kuikata tena.